Maonyesho Yasiyouza Kitu

Tangu nirudi, kila anayepita dukani kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, ananiuliza, "Mama Neema, mzigo uko wapi?" Halafu anaangalia viganja vyangu, anaona malengelenge yaliyopasuka, anauliza la pili. Nimesimulia vipande vipande mpaka habari imeharibika. Mwenyekiti wa kwaya anajua habari ya viazi tu. Jirani yangu wa vitenge anatangaza kwamba nilikamatwa uwanja wa ndege, jambo ambalo si kweli, nilisimamishwa tu. Basi nimekaa nikaandika yote kwa mpangilio. Someni wenyewe, na mkimaliza mniache niuze.

Habari za viza na tiketi naziruka. Aliyewahi kuzifuata anazijua, na asiyewahi zitamchosha bure.

Kutoka Usangu

Baba Neema alipofariki mwaka jana aliniachia watoto wakubwa, duka, na trekta. Trekta lenyewe ni la Kichina, jekundu, lenye pua ndefu, lililokuja nchini zamani kwa ajili ya mashamba makubwa ya mpunga. Mume wangu alilinunua mnadani likiwa limechakaa, akalifufua kwa mikono yake. Akishalima shamba letu la mpunga kule bonde la Usangu, alikuwa analima mashamba ya wajane wa usharika wetu, wale wasioweza kukodi matrekta ya watu wenye nafasi. Walikuwa wanamlipa mpunga baada ya mavuno, na mwaka wa ukame walikuwa wanamlipa shukrani.

Miezi michache baada ya mazishi tulilifungua kulifanyia matengenezo, tukakuta gia moja ya ndani imevunjika meno. Fundi wetu aliishika, akaigeuza, akasema, "Mama, hii usiitafute Mbeya, na Dar usijisumbue. Kiwanda chenyewe kiliacha kuitengeneza." Kikaitwa kikao cha ukoo. Shemeji yangu Lusajo, mdogo wake marehemu, ndiye sasa msemaji wa familia. Akasema kwa upole, maana Lusajo ana upole wa kukatisha tamaa, kwamba trekta lisipowaka kabla ya mvua litauzwa chuma chakavu. Wajane je? Kuna bwana mmoja mkubwa ameahidi kuyakodi mashamba yao yote, na wao wenyewe atawapa vibarua.

Vibarua kwenye mashamba yao wenyewe! Mimi nami ni mjane, ila nina duka. Sikulala vizuri baada ya kikao kile. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa na safari yangu ya kawaida ya kufuata nguo na mabegi Guangzhou, nikaiviringisha ile gia mbovu ndani ya kanga, nikaitia kwenye begi iwe sampo.

Guangyuan Xilu

Mnaonijua mnajua kwamba mimi ni mtu wa bei. Pale Guangyuan Xilu, kwenye yale majumba ya nguo za jumla karibu na stesheni ya treni, wapo wauzaji wakiniona natokeza wanashusha pumzi. Bei tunazungumza kwa kalkuleta. Wewe unaandika tarakimu yako, unamwonyesha laoban, yaani mwenye duka. Anapiga kelele kama umemkanyaga, anafuta, anaandika yake. Mkikwama, unaweka bidhaa chini kwa dharau na kuondoka taratibu, bila kugeuka. Kabla hujafika kwenye ngazi ataita. Kwa miaka yote niliyokwenda China, sijawahi kuondoka dukani nisiitwe.

Safari hii nilizipita nguo kama sizioni. Wabeba mizigo wananipisha na marobota yao, wauzaji wananiita kwa jina, mimi nauliza vipuri vilipo. Nikaelekezwa mtaa mwingine kabisa, na huko nikaifungua kanga yangu duka baada ya duka. Jibu likawa moja tu, "Meiyou." Hakuna. Kwenye nguo, meiyou maana yake ni kwamba muuzaji hajataka kuinuka kitini, ukimbana inapatikana. Hapa nilibana mpaka mlango wa mwisho, na kweli haikuwepo.

Jioni nikaenda kwa Bi Zuhura. Bi Zuhura ni mtu wa Unguja, mama mtu mzima, anashughulika na kago, kusafirisha mizigo ya watu, na amekaa Guangzhou miaka mingi hata anagombana na Wachina kwa lafudhi yao. Tunataniana sana. Yeye ananiita mtu wa bara asiyejua kupika wali, nami humwambia wali wenyewe wanaula kwa jasho letu watu wa Usangu.

"Mama Neema, weye umekuja China kununua chuma kibovu?" alisema alipoiona gia. "Wallahi mumeo angelikuwa hai angelicheka."

"Angelia," nikamwambia. "Nisaidie, dada."

Akaacha utani. Akaipiga gia picha, akaituma kwa watu wake wa magari na mizigo. Baada ya chakula simu ikalia. Akasikiliza, akaniambia kuna kijiji huko Conghua, kaskazini, bado ni Guangzhou hiyohiyo lakini shamba, ambako wazee hukutana kila mwaka baada ya kuvuna mpunga na kuyaonyesha matrekta yao ya zamani. Lililo kama letu lipo. Na mkutano wao ulikuwa keshokutwa.

Maonyesho! Moyo wangu ukatulia. Maonyesho nayajua. Nimekwenda Pazhou kwenye zile kumbi kubwa, viwanda vimepanga bidhaa, unagawa kadi, unaagiza. Nikatia kadi zangu za biashara kwenye mkoba pamoja na kalkuleta, na paketi mbili za chai ya Tukuyu nilizokuwa nimembebea muuzaji wangu mmoja, maana mkono mtupu haulambwi.

Treni, basi, na maji ya moto

Treni ya chini ya ardhi ya kwenda Conghua haikai chini. Ikishatoka mjini inapanda juu, unaona mashamba, mabwawa ya samaki na miti ya matunda. Nilikaa dirishani kama mtoto. Mpunga ulikuwa umeshakatwa, mabua yamebaki mashambani, na mahali pengine moshi unapanda. Nikaikumbuka Usangu, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Mwisho wa treni tukapanda basi la vijijini. Bi Zuhura akamwambia dereva jina la kijiji. Dereva akatuangalia, wanawake wawili wageni, mmoja na buibui, mmoja na kitenge, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Tukaenda mwendo mrefu. Akasimama mbele ya hoteli yenye chemchemi na sanamu za samaki, akatushusha kwa furaha, akaondoka. Alikuwa ametuleta kwenye maji ya moto ya kuogea, kwa sababu ndiko wageni wote wanakokwenda. Bi Zuhura alipofungua mdomo amkemee, alikuta ameshaondoka.

"Kuoga tulioga asubuhi," alisema, ameketi juu ya ukuta wa chemchemi. "Kaniona mchafu?"

Tukangoja hapo mpaka mama mmoja mwenye bajaji ya mizigo, aliyeleta mboga hotelini, akakubali kutubeba nyuma pamoja na matenga yake matupu. Njia nzima alikuwa anaimba. Tulipokaribia nikasikia kabla sijaona. Mlio ule! Tu-tu-tu-tu, mzito, wenye kikohozi katikati. Nilishika ukingo wa bajaji. Sikuwa nimeusikia tangu mume wangu afariki.

Uwanjani

Ilikuwa uwanja wa saruji wa kuanikia mpunga, pembeni mwa kijiji. Hakuna hema, hakuna bango la kampuni, hakuna dada wa mapokezi. Matrekta yalikuwa yamepangwa kwa mstari usionyooka, mengine ya kutembea nyuma yake, kama pawatila zetu, mengine ya magurudumu manne. Rangi zilipakwa upya kwa brashi, alama za brashi zinaonekana. Kila moja lilikuwa limefungwa kitambaa chekundu kwenye taa, na pembeni ya kila moja alikaa mzee, mwanamume au mwanamke, kwenye kigoda kifupi, na chupa ya chai. Ndivyo hivyo tu. Walikuwa wamekaa.

"Wanauza nini?" nikamwuliza Bi Zuhura.

Akaenda kuuliza, akarudi. "Hawauzi."

"Wananunua?"

"Hawanunui."

"Mshindi anapata nini?"

"Hakuna mshindi, mwanangu. Wanasema wanakuja kuyasikiliza."

Nikaona huu ni upuuzi. Nawaambia ukweli, niliona wazee wamekosa kazi. Mmoja anawasha trekta lake, wengine wanainamisha vichwa wanasikiliza, mmoja anasema neno, mwenye trekta anakaza kitu kidogo na spana, wanasikiliza tena, wanakubaliana. Kisha anazima, na wa jirani anawasha. Trekta moja lilikataa kuwaka kwa hendeli, na nusu ya uwanja ikaja kushika zamu. Hakuna aliyemcheka mwenyewe. Lilipowaka wakarudi vigodani bila kupiga makofi.

Mwisho wa mstari nikaliona letu. Pua ndefu ileile, usukani uleule mwembamba. Mwenye nalo alikuwa Mzee Liang, mrefu, mwenye kofia ya majani, ambaye ndiye kiongozi wao. Nikamwamkia, nikampa chai ya Tukuyu, akainusa na kuinamisha kichwa kwa adabu. Bi Zuhura akamweleza shida yetu. Mzee akaangalia ile gia mbovu muda mrefu, akasema ya ziada hana. Ya kwake iko ndani ya trekta, inazunguka. Kisha akataka kusema jambo jingine, lakini akaitwa kusaidia kuwasha mashine, akatuonyesha ishara kwamba tungoje.

Bi Zuhura akaangalia saa, akaenda kutafuta maji ya kutawadha na mahali pa kuswali. Nikabaki peke yangu. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Upande wa pili wa uwanja, chini ya miti ya matunda ya longani, palikuwa na turubai la bluu limetandikwa. Juu yake vipuri vimepangwa safi kabisa, vimeoshwa kwa dizeli vinang'aa. Magurudumu, pistoni, radieta, mabomba, boliti kwenye bakuli. Pembeni ameketi mama mmoja wa umri kunizidi kidogo, na blauzi nyeusi na kitambaa cheupe kimebanwa mkononi. Nikasema moyoni, ahaa, kumbe muuzaji yupo. Na katikati ya turubai, mniamini msiniamini, ilikuwepo gia yangu. Nikachuchumaa, nikaitoa ya kwangu kwenye kanga, nikaipachika juu ya ile nzima. Meno kwa meno.

Mnunuzi mzoefu haonyeshi furaha. Nikakunja uso kama aliyeona kitu cha kawaida. Nikatoa kalkuleta, nikaandika tarakimu ya chini sana, nikamwonyesha yule mama. "Laoban," nikasema. Akaiangalia kalkuleta. Akaniangalia mimi. Nikafuta, nikaongeza kidogo, nikamsogezea tena karibu na uso. Wazee wa karibu waligeuka kututazama. Injini mbili zilizokuwa zinaunguruma zikazimwa. Nikaona hapa wananipima. Basi nikaiweka gia juu ya turubai kwa dharau yangu ya Guangyuan Xilu, ikagonga pistoni kwa mlio, nikainuka, nikaondoka taratibu bila kugeuka.

Nilikwenda mpaka barabarani. Hakuna aliyeita.

Chakula cha mchana

Nikakaa kwenye jiwe la barabarani nikingoja kuitwa. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nilijiambia mama yule ni mgumu, ngoja njaa imuume. Badala ya wito, akaja bibi kizee mmoja na bakuli la viazi vitamu vilivyochemshwa na karanga za maganda. Akaniwekea mapajani, akanipapasa bega mara mbili, akaondoka. Bi Zuhura aliporudi kutoka kuswali alikuwa naye amepewa viazi. Kule mezani walikuwa wameandaa nguruwe na kuku wa kuchemsha, akawakatalia kwa heshima, nao hawakukasirika hata kidogo. Wakamletea viazi na kumwinamia.

"Wamefikiri sote twafunga kwa ajili ya maiti," alisema, akimenya kiazi. "Wanasema mfiwa hali nyama. Maiti gani, mie sijui."

Tukala viazi. Vilikuwa vitamu kama asali, na mimi nilivila kwa raha zangu zote, Mungu anisamehe.

Walipomaliza kula wakaanza kukusanyika penye turubai. Hakuna aliyewapanga, lakini walisimama nusu duara, kofia mkononi. Mzee Liang akasema maneno machache. Kisha akataja jina, mzee mmoja akatoka, yule mama mwenye blauzi nyeusi akainama akachukua radieta, akampa kwa mikono miwili. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akasema kitu, akarudi. Likatajwa jina jingine. Pampu. Jingine. Gurudumu.

Bi Zuhura alikuwa anasikiliza huku kiazi kimemganda mkononi. "Mama Neema," akasema polepole, "ulipokuwa peke yako, umefanya nini pale?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha hata kalkuleta. Akafumba macho.

"Yule si muuzaji. Yule mfiwa. Mumewe, Mzee Huang, kafa mwaka huu. Hii ndiyo mila yao hawa: mwenzao akifa, trekta lake wanalifungua, wanaliosha, wanawagawia wenzake kifaa kimoja kimoja, lake liendelee kutembea ndani ya yao. Wanasema kila anayepokea anataja jina la marehemu."

Kwetu tunayajua haya. Nilikaa mkekani siku ya kugawa nguo za Baba Neema, mashati yake yamekunjwa mbele yangu, suruali ya Jumapili, koti lililobaki na umbo la mabega yake. Ndugu wakaitwa mmoja mmoja. Angetokea siku ile mwanamke mgeni, akachuchumaa, akaliinua lile koti, akaniwekea tarakimu mbele ya uso, kisha akalitupa chini kwa dharau! Nilimwona mwanamke huyo waziwazi, ana kitenge changu na mkoba wangu. Nililia pale kwenye jiwe, na sikujali nani ananiona.

Mzunguko mmoja

Nilisubiri mgao ukaribie mwisho. Nikaenda, nikapiga magoti mbele ya Mama Huang kama tunavyowaamkia wakubwa kwetu, nikamwambia Bi Zuhura, "Mwambie nimekuja msibani nikauliza bei. Mwambie na mimi ni mjane, na sijui nilikuwa na akili gani."

Bi Zuhura akatafsiri, na sauti yake haikuwa na utani hata chembe. Mama Huang akanisikiliza. Akauliza mume wangu alikufa lini. Akauliza kama kwetu tunagawa. Nikamweleza mkeka, mashati na koti. Akaitikia kwa kichwa. Akauliza ile gia mbovu ni ya nini, nami nikamwambia habari ya wajane, ya mvua, na ya chuma chakavu.

Akageuka kuongea na Mzee Liang. Gia ilikuwa imebaki peke yake kwenye turubai, nayo ilikuwa fungu la mzee huyo, kwa kuwa trekta lake ndilo pekee linaloweza kuivaa. Waliongea kwa muda. Kisha Mama Huang akaniuliza jambo moja.

"Anauliza," akasema Bi Zuhura, "nani ataliendesha?"

"Shemeji yangu."

"Anauliza shemejiyo anapenda kulima?"

Nikashindwa kusema uongo. Lusajo ana duka la simu na hapendi vumbi. Dereva wa kukodi hatukuwa naye. Nilikuwa nimehangaika na gia tu, sikujiuliza hata siku moja nani atakaa pale juu. Mama Huang akatikisa kichwa. Akasema kwamba kifaa hakipewi mtu wa kukihifadhi wala wa kumpelekea mwingine. Kinapewa mkono unaoendesha. Yeye mwenyewe, alisema, hakupewa kitu, kwa sababu miaka yote alipanda nyuma.

"Mwambie mimi," nikasema. "Nitaendesha mimi."

Mama Huang akaziangalia kucha zangu zilizopakwa rangi. Akamwambia Mzee Liang neno, na Mzee Liang akalivua trekta lake kitambaa chekundu, akaliwasha, akanionyesha ngazi.

Nimekaa juu ya bamba la gurudumu la trekta kama lile misimu mingi, nimebeba chakula, nimeshikilia mwavuli. Klachi sikuwahi kuigusa. Nikaiachia kwa ghafla, trekta likaruka likazima. Likawashwa. Likazima tena. Bi Zuhura alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Mara ya tatu Mzee Liang akabana goti langu kwa kiganja, akaliachia polepole, na mguu wangu ukafuata. Tukasogea.

Usukani ule ni mgumu, hauna msaada wowote, unauvuta kwa mwili mzima. Wazee wakatembea pembeni yangu pande zote mbili kama wanaosindikiza jeneza, na Mama Huang mbele, anarudi kinyumenyume, ananipigia kelele kwa Kikantoni. Sikujua neno hata moja na nilifuata yote. Nikauzunguka uwanja mzima. Mlio ukanipanda kuanzia miguuni hadi kwenye meno, na nikaelewa kwa nini wanakuja kuyasikiliza. Mtu aliyekaa na mashine miaka thelathini anaacha ndani yake namna yake ya kukaza na kulegeza, na injini inaendelea kuongea hivyo hata yeye akinyamaza. Mle uwanjani hakuna aliyekuwa peke yake. Nilipozima, viganja vilikuwa vimechubuka.

Mama Huang akachukua gia kwa mikono miwili. Mzee Liang akainamisha kichwa kukubali. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema, "Huang." Kisha sikuweza kujizuia, nikasema na la pili, la mume wangu. Mama Huang hakulijua jina lile, lakini akalirudia taratibu, silabi kwa silabi, mpaka akalipata.

Njia ya kurudi

Nguo sikununua. Siku zilizobaki nilikwenda kila asubuhi Conghua, Mzee Liang akanifundisha kugeuka, kurudi nyuma na kushusha jembe. Bi Zuhura alikuja mara moja, akaleta biriani kwa wote, wakamwambia arudi mwaka kesho.

Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, afisa aliivuta gia kutoka kwenye mkoba, maana sikukubali iende na mizigo. Akaita wenzake. Ni sehemu ya silaha? Hapana, ni ya trekta. Trekta liko wapi? Mbeya. Unafanya kazi gani? Hapo nikasita. Mdomo umezoea kusema mfanyabiashara.

"Dereva," nikasema.

Akaangalia kitenge changu, akaangalia viganja, akaniachia. Ndege yenyewe ilichelewa sana, nikalala kwenye viti na gia chini ya kichwa.

Shambani

Fundi aliipachika gia kwa siku moja. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha Usangu na ardhi imelainika. Wajane walikuja, wakasimama kwenye tuta na kanga zao mabegani. Trekta likawaka, na watu wakapiga vigelegele.

Lusajo alifurahi kweli. Akanikumbatia. "Shemeji, umefanya kazi kubwa," akasema. "Sasa halitakwenda kwa bei ya chuma chakavu. Kuna mtu Ubaruku analitaka likiwa linatembea, nampelekea leoleo." Na akapanda, akakaa, akashika usukani.

Vigelegele vikakatika. Wale wanawake walianza kujifunga kanga upya, kama watu wanaojiandaa kuondoka.

"Shuka, shemeji," nikamwambia.

"Mama Neema, tuongee kama watu wazima. Kaka hayupo. Nani ataliendesha?"

"Mimi. Shuka."

Alicheka, akanitazama, akaacha kucheka. Akashuka. Nikapanda. Klachi niliiachia vibaya, likaruka, likazima mbele ya kila mtu. Nikaliwasha tena. Nikashusha jembe, nikauachia mguu polepole, na udongo mweusi ukaanza kufunguka nyuma yangu.

Nililima moja kwa moja mpaka mwisho wa shamba, mahali ambapo mfereji uko karibu sana. Uwanja wa Conghua haukuwa na mfereji. Nikagutuka, nikasahau kila kitu nilichofundishwa. Nikasikia mtu anapiga kelele nyuma yangu. Alikuwa Lusajo, amevua viatu vyake vya dukani, anakimbia kwenye matope na suruali imelowa hadi magotini, ananionyesha kwa mikono yote miwili.

"Kushoto, shemeji! Inua jembe! Kata kushoto!"

Nikainua jembe, nikakata kushoto.